Stara Halii

Katika mji ule kila kitu kilikuwa na kitambaa chake. Vyungu vilifunikwa, na hilo si la ajabu, hata kwenu vinafunikwa. Lakini na vioo vilifunikwa, na saa za ukutani, na mdomo wa kisima, na nyuso za wagonjwa kabla hawajamaliza kufa. Jua lenyewe lilipita juu ya mapaa likiwa na utando, mithili ya jicho lenye mtoto wa jicho, na watu walilipenda hivyo hivyo kwa kuwa halikuonyesha mengi. Saa hazikuonekana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuapa kama leo ni leo kweli au ni jana iliyorudi kuchukua kitu ilichosahau. Mtu alilala mzee akaamka mtoto, akashinda kutwa akitafuta viatu vyake vya utotoni, na hakuna aliyemcheka, maana kumcheka kungekuwa kumfunua.

Stara naye yalimpata. Asubuhi ile aliamka akiwa na miaka saba. Alitaka atoke mbio akacheze, na ni maziwa tu, yalipoanza kumlowesha kifua, yaliyomkumbusha kwamba alikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto mchanga, kwamba mtoto huyo alikuwa akilia, na kwamba siku ile ndiyo siku ya jina.

Mtoto alilia tangu alipozaliwa. Si njaa, maana alinyonya mpaka akacheua. Si tumbo, maana alikwisha kandwa na kunyweshwa kila kinachonyweshwa. Mji mzima ulijua anacholilia. Kule mtoto asiyenyamaza huwa analilia jina: amekuja na lake kutoka huko atokako, na atapiga kelele mpaka watu wazima walitaje. Kazi ya kulitafuta ilikuwa ya Bi Ruzuna, mwita majina, bibi aliyejifunga utepe mweusi machoni ili, kwa maneno yake mwenyewe, masikio yapate nafasi. Bi Ruzuna huketi mbele ya mzazi akaita majina ya wanawake wa ukoo waliokwisha kufa, na mwisho kabisa huita Stara, ambalo halingoji mtu afe. Jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Akilinyamazia, limemwingia, na hakuna wa kulitoa.

Lisemwe moja kwa haki: jina lilikuwa zuri. Linaanza na ule mnong'ono wa kumbembeleza mtoto alale, linagonga mlango mara moja, kisha linaufungua mdomo na kuuacha wazi. Halikukubali kukatwa. Kina Mwanaharusi waliishia kuitwa Harusi hata walipoachika, kina Sharifa wakafupishwa wakawa Shari na wengine wakalistahili, lakini Stara alibaki Stara, uchochoroni na mbele ya hakimu. Halikuchakaa wala halikuwa la kishamba. Bibi alilibeba sawa na mjukuu. Wanaume walilipenda zaidi kuliko wanawake, na ukimsikia mwanamume akisema kwa kujivuna kwamba kwake yumo Stara, ulijua nyumba hiyo ina heshima yake, na ulijua pia kwamba ina jambo.

Historia yake husimuliwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya harusini. Inasema kwamba mtawala wa kwanza wa mji, siku aliyokalishwa kitini, upepo ulimvua joho mbele ya watu wote, na ndani ya joho hapakuwa na kitu. Si kwamba hakuvaa nguo ya ndani. Hapakuwa na mtu. Pale penye kifua watu waliona ukuta wa nyuma. Kabla mji haujapata pumzi ya kupiga ukelele, msichana mmoja alijivua kanga yake akaitupa juu ya ule utupu, kanga ikashika umbo la mabega, ikakohoa, ikaendelea na hotuba. Msichana akaitwa Stara, na tangu siku hiyo kila nyumba yenye adabu ikataka kuwa na wake. Hapo watu hupiga makofi na sahani za pilau huanza kuzunguka.

Ya pili haina pilau. Inasema kwamba baada ya kuitupa kanga yake msichana alisimama uwanjani kama alivyozaliwa, na watu, ambao macho yao yalikuwa yamekwisha kuzoea kutazama, wakamtazama yeye. Wakaulizana ni binti wa nani huyu asiye na haya. Mkono wa kwanza kuokota jiwe ulikuwa mkono wa kanga. Walimfukuza mpaka nje ya kuta, na huko nje hakuna aliyejua yaliyompata, ila mbwa wa mji walinenepa mwezi ule. Alikuwa na jina jingine kabla ya hapo. Nalo lilifunikwa.

Stara aliijua ya pili. Aliambiwa na nani hakumbuki, pengine hakuambiwa, pengine aliiona. Kuna siku alikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyesimama pale uwanjani, kwamba baridi ile aliijua kwa mgongo wake mwenyewe. Alikuwa akijiuliza huku akikoroga uji, huku akisuka nywele za watu. Nani alisitirika pale? Aliyefunikwa, hakuwapo. Aliyekuwapo, akavuliwa. Kwa hiyo kanga ilifunika nini? Na mimi je? Jina lilinitafuta mimi likanikuta nimekaa tayari, au nilipondwapondwa mpaka nikaenea ndani yake? Ningeitwa Mize ningekuwa nani? Ningecheka kwa sauti? Uji ukaungua. Mama yake akauliza nani kaunguza uji, na dada yake, aliyekuwa mbali kabisa na jiko, akajibu kwa mazoea: Stara.

Hivyo ndivyo jina lilivyofanya kazi. Lilianza na uji. Kisha likaja suala la Nargisi, dada huyohuyo, aliyeposwa na watu wakubwa na kushika mimba ya mtu mdogo. Nargisi alifichwa chumba cha ndani. Stara ndiye aliyefungwa mto tumboni, ukaongezwa nguo mwezi hadi mwezi, akatembezwa sokoni ili watu wamwone na waridhike. Walimwona. Wauza mboga walimtemea mate miguuni, na kijana aliyemchumbia, fundi cherehani mpole aliyeitwa Shukuru, aliuangalia mto ule kwa macho ya ufundi, akajua kabisa kuwa ni mto, na bado akauvunja uchumba. Nargisi aliolewa kwa ngoma. Kichanga kilichotoka chumba cha ndani kilipelekwa nje ya kuta kikiwa kimefunikwa vizuri sana, kichwa na yote. Stara hakulia. Watu walimsifu kwa hilo. "Stara halii," walisema, na ilikuwa kweli, hajapata kulia mbele za watu, hata alipokuwa mdogo. Mama yake ndivyo alivyokuwa akisimulia.

Na alikuwa na alama. Paja la kushoto, upande wa ndani, baka la kahawia lililopinda kama mwezi mchanga, na jingine dogo likilitazama. Alizaliwa nalo, mama yake alimwambia. Utotoni alilionea fahari. Aliwaonyesha wenzake akidai kwamba malaika alimbusu.

Mumewe, Nasoro, alifika kabla ya wageni, akasimama nyuma ya pazia la mlango kama ilivyo adabu kwa mwenye mzazi ndani.

"Mke wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na miaka saba."

"Itapita hiyo. Sikiliza. Wazee wanataka kunipa kiti barazani."

"Hongera."

"Hongera bado. Lipo lile la ghalani." Alishusha sauti. La ghalani lilikuwa hivi: Nasoro alikasirishwa na mpagazi, akamfungia ndani ya ghala la pilipili ili apate adabu, akaenda kula, akalala, na kule saa hazionekani. Walipofungua, mpagazi alikuwa amekwisha kukauka. "Watu wameanza kuuliza. Wewe, sisemi kwa ubaya, umekwisha funika mengi. Umechakaa. Nikisema ni wewe uliyefunga mlango, watacheka. Lakini nyumba ikipata Stara mpya siku hizihizi, watu watasema ni kisirani cha mtoto. Kaingia duniani na balaa lake, yamekwisha."

"Nasoro. Hata kitovu hakijaanguka."

"Atakua." Pazia likatikisika, alikuwa akijikuna. "Kwani wewe ulipata hasara gani? Mji mzima unakuheshimu."

Stara aliligeuzia pazia mgongo. Alimtazama mtoto, uso mwekundu uliokunjamana, mdomo mpana usio na jino, kelele tupu kutoka utosini mpaka unyayoni, na kwa mara ya kwanza toka amzae alimpenda kwa namna iliyomuuma mbavu. Alimpenda kwa sababu ya kelele zile. Hakupata kusikia kitu kilichokosa haya kiasi kile. Akajisemea: huyu hapana. Huyu ataitwa Mize, jina la marehemu shangazi aliyekuwa mvivu na mla visheti, aliyekufa hajambeba mtu yeyote. Akawaza atakavyofanya, akaliona jambo ni jepesi mno akashangaa kwa nini mama wengine hawakulifanya. Bi Ruzuna amefunga macho. Mtoto atakuwa amefungwa nguo, mkono wa mama uko chini ya nguo. Likiitwa jina lile, mama anafinya. Mtoto analia. Jina linapita.

Wakaja. Wanawake wa mtaa walijaza chumba, wakakaa mpaka uvunguni, na Mwanakombo, jirani asiyepitwa na kitu, akashika nafasi ya mbele kwa kiwiko. Mama yake Stara aliketi ukutani, amejifunika mpaka pua. Alikuwa mwanamke ambaye jina lake mwenyewe hakuna aliyelikumbuka. Alipozaa binti akaitwa Mama Stara, na jina la zamani likaanguka mahali fulani baina ya kitanda na jiko.

"Haya, mwanangu, mpakate vizuri," Bi Ruzuna alimwambia Stara. "Usimpe ziwa. Ziwa linamnyamazisha kila mtu, halina ushahidi."

Wanawake wakacheka. Bi Ruzuna akainua kidevu, na utepe wake mweusi ukaelekea kwenye kelele.

"Riziki," aliita. "Riziki. Riziki binti wa Mosi, ni wewe?"

Mtoto alilia.

"Zume. Zume mwenye mwanya, ni wewe?"

Mtoto alilia, akapaliwa, akalia tena.

"Mize."

Hapo Stara aliomba kwa mwili wote. Alimtikisa taratibu, akamvumia puani wimbo usio na maneno, na kilio kweli kikapungua, kikawa kikwifukwifu, kikawa karibu kabisa na kimya. Chumba kikainama mbele. Bi Ruzuna akaita tena, na tena, akasubiri. Kikwifukwifu hakikuisha. Halafu mtu mmoja uvunguni akapiga chafya, mtoto akashtuka, kelele zikarudi kwa nguvu zote, na Mize akaenda zake na visheti vyake.

"Basi," Bi Ruzuna alisema, na sauti yake ikawa laini, kwa sababu hata yeye alilipenda jina lile, ulimi wake ulilifurahia. "Stara."

Stara alifinya.

Alifinya kwa vidole viwili, upande wa ndani wa paja, palipo laini. Na kilio, kilichokuwa hakijakatika tangu siku ya kuzaliwa, kikakatika.

Hakuelewa. Alidhani hakutia nguvu ya kutosha.

"Stara," Bi Ruzuna aliita mara ya pili, sasa kwa mnong'ono, maana chumba kizima kilikuwa kimeacha kuhema. Stara alifinya tena, zaidi. Mtoto alifungua macho. Hakuwa amepata kuyafungua hivyo. Mdomo ulikuwa wazi, mpana, uso ukiiva kuelekea zambarau, na ndani ya mdomo ule hakukuwa na sauti yoyote. Alimtazama mama yake.

"Stara, mfuniko wa nyumba, ni wewe?"

Safari hii alitumia kucha.

Kila mtu aliyelea anajua hili, na katika mji ule hakuna aliyelijua, kwa sababu kulijua kungehitaji kutazama. Mtoto akiumizwa kidogo hulia papo hapo. Akiumizwa sana, pumzi humpotea kwanza. Anafungua mdomo na hakitoki kitu, anajikaza, anasubiri maumivu yampishe njia, na baina ya maumivu na kilio panakuwa na kimya. Ni kimya kifupi, cha kutosha jina moja. Bi Ruzuna, mwenye masikio yaliyosifiwa mpaka nje ya kuta, alikisikia kimya hicho akakiita ridhaa.

"Limemwingia!" alipaza sauti.

Vigelegele vikalipuka. Vilitoka mlangoni, vilitoka uvunguni, vikapokewa uani na wanaume waliokuwa wakingoja, na ndani ya vigelegele hivyo kilio cha mtoto kikafika. Kilikuja chote, kikubwa kuliko vyote vya mwanzo, kichwa kikirushwa nyuma na ulimi ukitetemeka. Kilichelewa tu. Stara alikiona, hakukisikia.

"Analia!" alisema. "Jamani, msikilizeni, analia! Si lake!"

Walimwona akifungua mdomo wakadhani naye anapiga kigelegele, wakaongeza.

"Hongera, Mama Stara!" Mwanakombo alimwambia, machozi ya furaha yakimtoka.

"Ahsante," walijibu wanawake wawili kwa pamoja, mmoja kitandani, mmoja ukutani. Kwa sharti la mji, jina halikai kwa watu wawili nyumba moja. Lilikuwa limemtoka, na aliyekuwa Stara alijisikia mwepesi na baridi, mgongo wazi, kama mtu aliyesimama uwanjani.

Wageni walitoka kwenda kwenye sahani. Mama yake alibaki. Alisogea mpaka kitandani, akaketi, na bila kuuliza ruhusa akaingiza mkono chini ya nguo za mtoto, akapapasa, akapata.

"La kushoto," alisema.

"La kushoto."

"Ndiko mkono unakofika, ukimpakata."

Binti alimtazama. Kwa muda mrefu alimtazama, akiwa na miaka saba, akiwa na mto tumboni, akiwa mchanga mapajani mwa mwanamke huyuhuyu, na siku zote hizo zikakaa kitandani pamoja nao.

"Ulinifinya lilipoitwa jina lipi, mama?"

"Hilihili. Nilitaka ulie."

"Na mimi?"

"Ukanyamaza. Ukanitolea macho hivyohivyo." Mama alikuwa akimfunga mtoto upya, kwa mikono mizoefu. "Na mimi nilifinywa. Nililia papo hapo, mama yangu alikuwa mnyonge, hakuwa na nguvu za vidole. Ndiyo maana nikaitwa lile jina langu. Lilikuwa nani vile." Alisita, akatafuta, akaacha.

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii. Ungeniambia nisimfinye."

"Ningekuambiaje, mwanangu? Ningekuwa nimejivua mbele yako. Na sijui. Pengine ungemwacha, angelia, jina likapita. Pengine angenyamaza vilevile. Hajatokea mama aliyeacha kufinya, tukaona."

Uani, Nasoro alikuwa akiwaeleza wazee kitu kuhusu visirani, na wazee walikuwa wakiitikia, wakiguguna mifupa. Mtoto, kwa uchovu, alikuwa amelala. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kuwa kimya, na kila aliyepita dirishani alisema tazama, limempenda, limemtuliza.

Mwanakombo alirudi na sahani ya mzazi, pilau na kipande cha paja la kuku, na kwa kuwa hapitwi na kitu akainama kumbusu mtoto unyayo. Nguo ikasogea. Aliiona miezi miwili myekundu upande wa ndani wa paja, imepinda, inatazamana, yenye tone moja la damu lililoanza kuganda.

"He! Shoga, hiki nini tena?"

Pale kitandani mama mtu mzima aliinamisha macho. Mama mpya aliichukua ncha ya kanga, akaivuta taratibu, akalifunika lile paja, akachomeka nguo pande zote mpaka hapakuwa na upenyo.

"Baka tu," alisema. "Kazaliwa nalo."